Tone la Maji Katika Nyambizi

Baba yangu alikuwa fundi wa mashua. Nalipokuwa mtoto naliketi mara nyingi kivulini mwa mashua iliyopandishwa pwani, nikimtazama akitia kalafati. Alisokota pamba, akaichovya katika mafuta, akaishindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi na nyundo. Kisha akapaka deheni ya shahamu na chokaa. Lakini kazi ilipokwisha hakupokea ujira wake siku ile. Mbao kavu hunywa maji kwanza, kisha huvimba zikabana. Basi alingoja mpaka mashua imelala majini siku tatu, ndipo yeye mwenyewe aliposhuka ngamani, akapapasa kwa mkono. Akiona pamekauka, alisema, "Sasa naweza kula fedha ya mtu."

Mimi nalidhani maneno hayo ni desturi ya wazee tu. Sikuyafahamu hata nilipokuwa mtu mzima, mbali sana na kwetu, katika nchi ya baridi, nami nimeinama juu ya hodhi la kuogea nikitafuta tundu lisiloonekana kwa macho. Nataka kuwasimulia habari hiyo.

Nalikwenda Uingereza kusoma, nikapanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja, karibu na mji wa Gosport, ulio upande wa kusini kando ya bahari. Katika ujana wake mzee huyo alikuwa baharia wa nyambizi, yaani chombo cha chuma kiendacho chini ya maji. Alipoacha kazi ya bahari aliunda nyambizi ndogo ya mfano, urefu wake kama sentimita 90. Majira matatu ya baridi aliifanyia kazi mezani mwake. Lakini kabla hajaimaliza mikono yake ilianza kutetemeka kwa uzee, hata hakuweza tena kushika parafujo ndogo. Siku moja akaniita, akasema, "Kijana wangu, macho ninayo na akili ninayo, lakini mikono imenikimbia. Nimemwahidi mjukuu wangu kwamba ataiendesha siku atakapotimiza miaka kumi. Je, utaniazima mikono yako?" Nikamjibu, "Mzee, mikono hii ni yako."

Kwanza sharti niwaeleze jinsi chombo hicho kilivyofanywa, maana bila hayo hamtaelewa taabu yetu. Watu wengi hudhani kwamba nyambizi ya mfano huzibwa yote, maji yasiingie mahali popote. Sivyo. Umbo la nje lina matundu, na maji huingia na kutoka kama yapendavyo. Ndani ya umbo hilo limelala bomba nene la plastiki angavu, nalo ndilo peke yake lipasalo kuwa kavu. Humo mna betri, mota, na kile chombo kidogo kipokeacho mawimbi ya redio, ambayo wazee wetu waliyaita simu ya upepo. Kila upande bomba limefungwa kwa kifuniko cha mviringo chenye pete ya mpira iliyopakwa grisi. Katika kifuniko cha nyuma hupita ufito wa chuma uzungushao rafadha, na vifito viwili vya kugeuza usukani na mapezi. Katika kifuniko cha mbele hupita waya mwembamba upokeao mawimbi. Katikati mna tangi dogo: likijaa maji, chombo huwa kizito kikazama, maji yakisukumwa nje, chombo huwa chepesi kikaibuka.

Nyambizi ya namna hii huendeshwa katika maji matamu, kwa sababu maji ya chumvi huyameza mawimbi ya redio upesi sana. Hata katika maji matamu si kila wimbi lifaalo. Redio nyingi za siku hizi hutumia mawimbi mafupi mno yasiyopenya majini. Kwa hiyo mzee alitumia redio ya namna ya zamani, ya megahezi 40, ambayo mawimbi yake hufika chini mita chache.

Sasa fikirini nguvu za maji. Kila mita 10 za kwenda chini, maji huongeza msukumo wa kadiri ya kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba. Bwawa letu halikuwa na kina kirefu. Lakini hata katika mita moja tu, kifuniko chenye upana wa sentimita 9 husukumwa kwa uzito wa kilo 6 na zaidi. Uzito huo haulali wala haupumziki. Hutafuta mlango usiku na mchana, na mlango wake waweza kuwa mwembamba kuliko unywele.

Nalifanya kazi miezi miwili, kila jioni baada ya masomo. Usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa kwa yule mtoto tukaijaribu katika hodhi la kuogea. Nyambizi ikazama, ikaibuka, ikageuka kulia na kushoto, na mzee akacheka kama kijana. Akaenda kutengeneza chai, nami nikafungua bomba ili nilitazame. Chini, karibu na kifuniko cha mbele, naliona tone moja la maji.

Naliliangalia tone lile. Nikajiambia, "Hili ni jasho tu." Maana ni kweli kwamba hewa ya chumbani yenye joto, ikifungiwa ndani ya bomba na bomba kutiwa katika maji baridi, huacha umande. Lakini moyoni nalijua kwamba sikuwa na hakika. Nalikuwa nimechoka, na kesho ilikuwa karibu, na mzee alikuwa amenisifu. Nikalifuta lile tone kwa kidole. Mzee alipouliza kutoka jikoni, "Ni pakavu?" nikajibu, "Ni pakavu, Mzee."

Asubuhi tukaenda bwawani. Mtoto alishika redio kwa mikono miwili, uso wake ukimeta kwa furaha. Nyambizi ikazama mara ya kwanza ikarudi. Mara ya pili ikarudi. Mara ya tatu ikarudi. Mara ya nne ikazama, na maji yakatulia juu yake. Mtoto akasukuma vifimbo vya redio huku na huku. Hapakutokea kitu. Akageuka akamtazama babu yake, na babu yake akanitazama mimi.

Tuliitafuta kwa kulabu na kamba zaidi ya saa mbili. Tulipoivuta ukingoni, maji yalikuwa yamejaza robo ya bomba. Mpokea mawimbi alikwisha haribika, na betri zilikuwa zimepata moto. Mtoto alilia kimya njia nzima ya kurudi nyumbani, wala hakumlaumu mtu.

Wahenga walisema, Mficha maradhi kifo humwumbua. Usiku ule sikuweza kula. Nikashuka chini, nikamkuta mzee ameketi peke yake mbele ya lile bomba, nikamweleza yote: tone, na kidole changu, na uongo wangu. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kijana wangu, maji hupenya katika kila chombo kilichofanywa na binadamu. Tone lile sikuhesabii kuwa kosa. Kosa lako ni kuninyima habari zake. Baharini mtu aonaye tone akanyamaza amewachagulia wenzake mauti bila kuwauliza." Ndipo akavuta kiti cha pili, akasema, "Keti. Tutalitafuta tundu hili mimi nawe, wala hatutadhani neno lolote."

Tukaanza kwa kupambanua kati ya jasho na mvujo. Tulilikausha bomba ndani na nje, tukalifunga, tukalipima kwa mizani ya jikoni, tukaandika uzito wake katika daftari. Kisha tukalizamisha katika hodhi muda wa saa moja pamoja na vipande vya risasi vya kulilemea. Tulipolitoa tulilifuta vizuri kwa nje, tukalipima tena kabla ya kulifungua. Je, mwaona hekima yake? Jasho latoka katika hewa iliyokwisha kuwamo ndani. Kwa hiyo haliongezi uzito wowote. Lakini maji yaliyotoka nje huongeza. Mizani ilionyesha gramu 4 zaidi. Basi halikuwa jasho.

Jambo la pili lilikuwa kujua maji yaingia upande gani. Tulinyunyiza unga wa chaki ndani ya vifuniko vyote viwili, tukalizamisha bomba tena. Kifuniko cha nyuma, ambacho nalikishuku zaidi kwa sababu ya ufito unaozunguka, kilikuwa kikavu. Katika kifuniko cha mbele palikuwa na mfereji mwembamba katika unga, nao ulianzia mahali pale apitapo ule waya wa redio. Nikafurahi, nikasema, "Tumempata mwizi." Nikakwangua gundi ya zamani, nikapaka mpya kuzunguka waya, nikaiacha ikauke siku nzima. Tukapima tena: gramu 4. Nikapaka gundi mara ya pili, nene kama nta. Gramu 4 vile vile.

Ndipo mzee akasema tujaribu kwa hewa. Palikuwa na tundu dogo lenye vali katika kifuniko cha nyuma, nasi tukaunganisha hapo mpira mwembamba. Hupuliziwa hewa kidogo tu, kwa kinywa au kwa pampu ya baiskeli, kwa uangalifu sana. Maana maji husukuma vifuniko kwa ndani, lakini hewa huvisukuma kwa nje, na ikizidi vitafyatuka kama kizibo cha chupa. Kisha bomba hutiwa majini, na mahali penye tundu hutoka viputo. Nikapuliza, nikalizamisha, nikatazama. Hapakutoka kiputo hata kimoja. Nikainua kichwa kwa furaha, nikasema, "Mzee, limepona!"

Mzee hakufurahi. Akaniuliza, "Je, unajuaje kwamba pumzi yako imeingia?" Nikakosa jibu. Akasema, "Kesho hatutafanya kazi. Nitakupeleka mahali."

Siku ya pili tukaenda katika jumba la makumbusho ya nyambizi mjini Gosport. Hapo imewekwa nyambizi kubwa iitwayo Alliance, iliyoshushwa majini mwaka 1945, na watu huruhusiwa kuingia ndani yake. Tulipita kwa kuinama katika njia zake nyembamba mpaka mbele kabisa, penye milango ya mirija ya kurushia topido. Mzee akaweka mkono wake juu ya mlango mmojawapo, akanisimulia habari za nyambizi nyingine iliyoitwa Thetis.

Tarehe 1 Juni, mwaka 1939, Thetis ilitoka kujaribiwa katika ghuba ya Liverpool, nayo ilikuwa mpya kabisa. Ndani yake walikuwamo watu 103, mabaharia pamoja na mafundi waliokuja kutazama kazi yao. Kila mrija wa topido una mlango wa nje uelekeao baharini na mlango wa ndani. Milango hiyo miwili haipaswi kufunguliwa pamoja. Ili kujua kama mrija una maji, mlango wa ndani ulikuwa na kitundu chenye bilula ndogo: ukifungua bilula maji yakatiririka, mrija umejaa, pasipotoka kitu, mrija ni mtupu. Siku ile bilula ya mrija wa tano ilifunguliwa, wala halikutoka hata tone. Basi mlango wa ndani ukafunguliwa. Lakini mlango wa nje ulikuwa wazi, na mrija umejaa bahari. Kitundu kilikuwa kimezibwa kwa rangi tangu chombo kilipopakwa. Palikuwa na kisindano cha kukizibulia, nacho hakikutumika. Maji yakaingia kwa nguvu isiyozuilika, nyambizi ikazama kwa kichwa. Watu wanne tu waliokoka, 99 wakafa.

Mzee akasema, "Walikitazama kitundu kikavu, wakaamini. Kitundu hakikusema kwamba hapana maji. Kilisema tu kwamba hakiwezi kusema. Nawe jana ulifanya vivyo hivyo." Nikautazama ule mlango wa chuma, nikakumbuka kidole changu kikilifuta tone, nikaona haya kuliko siku ile ya bwawani.

Tulirudi nyumbani jioni. Mara hii, kabla ya kulijaribu bomba, tulilijaribu jaribio lenyewe. Nalilegeza parafujo moja ya kifuniko kwa makusudi, ili hewa isikose pa kutokea, nikapuliza, nikazamisha. Hapakutoka kiputo. Basi uongo ukadhihirika: bomba lililo wazi lilikuwa likijidai kuwa limezibwa! Nikachunguza vali, nikakuta grisi imeziba tundu lake. Pumzi yangu yote haikupita mpirani. Nalilizibua kwa sindano, nikapuliza tena, na viputo vikabubujika penye parafujo iliyolegea. Sasa tulijua kwamba shahidi wetu anaweza kusema. Nikaikaza parafujo, nikazamisha bomba mara nyingine, na sote wawili tukainama juu ya hodhi.

Penye pete za mpira hapakuwa na kitu. Penye ufito wa rafadha hapakuwa na kitu. Penye gundi yangu nene kuzunguka waya, mahali nilipopashuku siku zote, hapakuwa na kitu. Dakika moja ikapita, na ya pili. Halafu mzee akanigusa bega, akaonyesha kwa kidole chake kinachotetemeka. Kiputo kidogo kama mbegu ya ufuta kilikuwa kikipanda juu, lakini hakikutoka katika kifuniko. Kilitoka kwenye ncha ya waya, iliyokuwa ikielea peke yake majini, kadiri ya shubiri moja na nusu kutoka kwenye bomba! Kikafuata cha pili, na cha tatu.

Basi tukafahamu. Waya ule haukuwa uzi mmoja wa shaba. Ulikuwa nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja, zikavikwa ganda la plastiki. Kati ya uzi na uzi mna nafasi ndogo sana, nazo huenda mfululizo kutoka ncha hata ncha. Maji yaliingia kwenye ncha iliyokatwa, yakasukumwa ndani ya ganda kama mtu apitaye handaki, yakapita katikati ya gundi yangu bila kuigusa, yakadondoka ndani ya bomba. Mimi nalikuwa nikiziba ukuta, na mwizi apita chini ya msingi.

Ulipojulikana ugonjwa, dawa yake haikuwa ngumu. Naliukata waya, nikamenya ganda lake mahali pa sentimita moja, nikazilehemu nyuzi za shaba pamoja mpaka lehemu ikajaza kila nafasi iliyo kati yake. Sehemu hiyo iliyo uchi nikaiweka katikati ya tundu la kifuniko, nikalijaza gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, ili gundi ishike chuma chenyewe wala si ganda. Ncha ya nje nayo nikaifunika kwa gundi. Nikabadili pete za mpira, nikazitazama moja moja kwenye mwanga, maana unywele mmoja au chembe ya mchanga juu ya pete yatosha kuleta msiba. Nikazipaka grisi mpya. Mwisho mzee akanifundisha kuweka ndani ya bomba, sehemu ya chini, ncha mbili za waya zisizogusana. Maji yakizifikia, umeme hupita kati yake, na chombo huyasukuma maji ya tangini nje chenyewe, kikaibuka kabla hakijalemewa.

Tuliacha gundi ikauke siku mbili. Nalitaka iwe moja, lakini sikusema. Kisha tukarudia yote tangu mwanzo: hewa, na chaki, na mizani. Bomba lililala hodhini usiku kucha. Asubuhi, mimi na mzee hali tumevaa nguo za kulalia, tukaliweka juu ya mizani, tukasoma daftari. Uzito ulikuwa ule ule wa jana.

Jumapili baada ya sala tukaenda bwawani, na mtoto pamoja nasi. Hakuwa na furaha ya kelele kama siku ile ya kwanza. Alishika redio kimya, kama mtu aliyekwisha jua kwamba kitu kipendwacho chaweza kupotea. Nyambizi ikazama. Ikaibuka. Ikazama mara kumi na mbili, nasi tulizihesabu kwa sauti, na mara ya kumi na mbili mtoto akacheka.

Tulipoitoa majini, mzee akaniuliza, "Ni pakavu?" Safari hii sikumjibu. Nalifungua kifuniko cha mbele, nikamwekea bomba mapajani. Akaingiza mkono wake unaotetemeka, akapapasa polepole chini na pembeni, kama nilivyomwona baba yangu akipapasa ngamani zamani, mimi nikiwa mtoto. Akautoa mkono, akautazama juani. Ulikuwa mkavu. Kisha akautia mkono ule mkononi mwangu, akaushika kitambo kirefu pasipo neno.

Msomaji kijana, labda hutaunda nyambizi maisha yako yote. Lakini utakabidhiwa mtungi, au hesabu za duka, au mlango wa ghala, au mtoto mchanga. Na siku moja utaona tone. Usilifute kwa kidole. Mwite mwenye chombo, umwonyeshe, hata kama usiku umekwenda na kila mtu amechoka. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kikijaa mahali pasipopasa, huzamisha chombo. Na ukiisha kuziba, usisadiki kwa sababu hukuona kitu. Uliza kwanza kama jicho lako lilikuwa wazi.